Bunduki ya upepo ya kwanza: tafuta upepo kwanza, bunduki baadae

Mtu akishaingiwa na hamu ya bunduki ya upepo ya mtungi, zile wenyewe wanaziita PCP, kitu cha mwanzo anachofanya ni kuangalia mapicha, kitako cha mti kinang'ara, mtutu mweusi, darubini ndefu, basi roho inamdunda anaanza kuhesabu pesa. Mimi nasema yaache hayo mapicha kwanza. Suala la mwanzo kabisa ni hili: huo upepo wa kuijaza utautoa wapi? Ukishapata jibu la hilo, bunduki karibu itajichagua yenyewe, na ukikosa jibu utakuwa na rungu la bei ghali limeegemea ukutani.

Maana hizi si kama zile za springi za zamani ambazo unavunja mtutu, springi inajikunja, unapiga, basi. Hii ya mtungi ina tangi dogo chini ya mtutu au chupa mbele, ndani mna upepo uliobanwa bar 200 mpaka 250, nyengine 300. Ukivuta triga nyundo inaigonga valvu, valvu inafunguka kidogo sana, upepo unaruka na risasi inatoka, tangi linabaki na upepo wa kupiga tena na tena mpaka presha ishuke. Raha yake ni kwamba hairuki mkononi kama ya springi, kwahiyo hata anaeanza anapiga penyewe mapema. Tabu yake ni hio hio presha. Tairi la gari ya kawaida lina bar 2 na kitu, kompresa ya fundi pancha inafika bar 8 au 10 hivi, sasa wewe unataka 200, kwahiyo usijidanganye kuwa utapita kwa fundi wa barabarani ukajaziwa.

Na tabu hii si ya leo. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo ya Girandoni tangu miaka ya 1780, na Lewis na Clark walibeba moja walipovuka Marekani 1803 mpaka 1806, ilikuwa kali kwa wakati wake lakini kulijaza tangi lake kwa mkono kulitaka pampu kama mara 1500. Askari alikuwa na bunduki nzuri na mikono imekufa ganzi.

Haya twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: polisi kabla ya pesa

Hii fupi lakini usiiruke. Kuna watu watakwambia ah ya upepo hio, si silaha, agiza tu. Usiwasikilize. Ichukulie ni silaha, nenda kituo cha polisi ukaulize utaratibu wa kibali cha kumiliki na cha kuingizia, kabla hujalipa hata senti, na ujitayarishe kupitia kwa sheha wako kwa barua kama kawaida yetu Zanzibar. Uliza pia habari ya kizuia sauti kama bunduki unayoitaka inakuja nacho, nchi nyengine wanakiachia na nyengine hawakitaki kabisa. Ukiinunua mwanzo alafu ukaenda kuuliza, mzigo utakaa bandarini Malindi au uwanja wa ndege na wewe utakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Na kupenyeza kwenye boti ya kutoka Dar ndani ya begi la nguo, hilo hata usilifikirie.

Hatua ya 2: jiulize unaitakia nini

Kama ni shabaha, yaani karatasi na makopo, mita 10 mpaka 25, basi huhitaji nguvu kubwa na mambo yako yote yatakuwa mepesi na rahisi. Watu wengi wanasema wanataka kwa ajili ya kunguru, na kwa kweli kunguru hawa walioletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wametuchosha, wanakula vifaranga, mayai, wanapekua majaa, hakuna anaewaonea huruma. Ila uzingatie kwamba mambo ya kupiga ndege na wanyama yana idara yake, ni watu wa misitu, na wasasi wanajua kuwa kuna vibali vyake. Kima punju haguswi, paa nunga haguswi, na wenzangu wa Pemba popo wetu yule mkubwa, ambae hayupo pahala pengine duniani isipokuwa Pemba tu, aliwahi kukaribia kumalizika kwa kuwindwa. Ninga nae muache ale matunda yake.

Na kama unataka kitu cha kupiga mara moja kwa wiki nyuma ya nyumba shamba na hutaki habari ya mitungi wala mageji, mimi nakwambia kweli kabisa, nunua ya springi. Utahangaika zaidi kujifunza kuishika kwa sababu inapiga teke mbele na nyuma, lakini hutotafuta upepo.

Hatua ya 3: upepo utoke wapi

Hapa ndo pana kazi, tukae kidogo. Njia ziko tatu.

Ya kwanza pampu ya mkono. Inafanana na ya baskeli lakini ndani ina hatua tatu, upepo unabanwa, unabanwa tena, unabanwa tena. Bei yake nafuu, haina umeme, unakwenda nayo popote. Sasa tuseme tangi lako la senti 200 za ujazo, yaani moja ya tano ya lita, umepiga mpaka presha imeshuka kutoka 180 hadi 120, unataka kurudisha zile bar 60. Hapo unaingiza lita 12 za upepo wa kawaida, ni makumi ya mapigo ya pampu, jasho litakutoka lakini utamaliza. Mapigo ya mwisho ndo mazito, hayaendi kwa mikono, unanyoosha mikono unashusha kwa uzito wa mwili, kwahiyo mtu mwembamba sana akikaribia bar 200 atakuwa ananing'inia tu. Pampu ikipata moto isimamishe, ipumzishe dakika kadhaa, ukiilazimisha mpira wa ndani unaungua na hapo ndo mwisho wa pampu. Ukiwa na chupa ya nusu lita na unataka bar 250, kwa mkono ni adhabu, wallahi.

Lakini adui mkubwa wa pampu hapa kwetu ni unyevu. Fanya hesabu hii: siku ya joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ambayo hapa visiwani ni siku ya kawaida tu, kila lita 1000 za upepo zina kama gramu 24 za maji. Tangi la senti 200 likijaa bar 200 limekula lita 40, maana yake karibu gramu moja ya maji imeingia na upepo, na upepo ukibanwa hivo maji hayabaki hewani, yanageuka matone. Gramu moja unaiona ndogo lakini iko ndani ya chuma, na kesho unaongeza nyengine. Valvu inashika kutu, tangi linaoza kwa ndani na wewe nje unaipangusa inang'ara. Kwahiyo pampu iwe na chujio la kukausha, zile chembe zinazobadilika rangi zikishiba maji, uzibadilishe au uzikaushe, na ukishajaza fungua skrubu ya kutolea maji. Ikiwezekana jaza mchana kukavu, usijaze alfajiri ya masika kuna ukungu.

Njia ya pili, na hii ndo bahati yetu watu wa Unguja, ni mtungi wa wazamiaji. Nungwi, Kendwa, Matemwe, Mji Mkongwe, kote huko kuna vituo vya kuzamia vyenye kompresa kubwa, na upepo wao ni wa kuvutwa na binadamu, umechujwa na umekauka, mzuri kuliko wowote utakaoutengeneza mwenyewe. Mtungi wao wa kawaida ni wa alumini wa lita 11 na kitu, unajazwa bar 200 na ushei. Unaukodi au unanunua mmoja uliotumika, unafunga mpira wa kujazia wenye geji, mambo kwisha.

Hesabu yake iko hivi na watu wengi wanaikosea. Upepo hapa unakwenda kama maji ya ndoo na kikombe yaliyounganishwa kwa mpira, yakishalingana hayaendi tena. Mtungi ukiwa na 200 na bunduki yako inataka 180, upepo wako wa maana ni ule wa kati ya 200 na 180 tu, bar 20 mara lita 11 ni lita 220. Tangi la senti 200 linakula lita 12 kila mara, kwahiyo unajaza kama mara 18 kamili ndo unaurudisha mtungi. Bunduki ya chupa ya nusu lita inakula 30, utaijaza mara 7. Na bunduki inayotaka bar 250 mtungi huo haujawahi kuijaza hata siku moja. Umeona sasa kwanini nasema upepo kwanza? Mwenye mtungi wa wazamiaji anunue bunduki inayofanya kazi kwa bar 200 au chini, asikubali kuuziwa ya 300 eti ndo ya kisasa.

Mambo ya kuangalia kwenye mtungi: tarehe ya kupimwa kwa presha ya maji imegongwa shingoni, desturi ya nchi nyingi ni kila miaka 5, uliopita muda wake kituo cha maana hakiujazi na wewe usiutake. Angalia mdomo wa valvu, kuna aina ya kubana kwa nje na aina ya kukaza kwa nati ndani, mpira wako wa kujazia uendane nao. Na hili liandike ukutani: upepo wa kawaida tu. Vituo vya kuzamia vina mitungi mengine ina stika ya kijani na manjano, ile imeongezwa oksijeni, usiisogeze karibu na bunduki. Mtungi wa oksijeni wa mafundi wa kuchomea ndo usiseme, oksijeni ikikutana na grisi kwa presha ile inaripuka, watu wameumia duniani huko. Kwa sababu hio hio ndani ya bunduki hakuingii grisi ya gari wala mafuta ya cherehani, ni grisi ya silikoni peke yake, nayo utaipata kwa hao hao wazamiaji pamoja na oringi, zile pete za mpira za kuzibia upepo.

Njia ya tatu ni kompresa ndogo, ya umeme wa nyumbani au ya betri ya gari. Kwa Pemba mimi naiona ndo njia yenyewe, kwa sababu vituo vya kuzamia ni vichache na viko mbali huko mahotelini, huwezi kutoka Chake na mtungi begani kila wiki. Zina kelele, zinapata moto, zinataka kupumzishwa na kutolewa maji kila baada ya muda, na lile chujio la kukausha nalitaka hapa pia. Ndogo za bei ya chini usizitumie kujaza mtungi mkubwa, ni za kujaza bunduki moja kwa moja.

Hatua ya 4: kujaza, uone kabla hujanunua

Mwambie muuzaji au rafiki akujazie mbele yako uone kama utaiweza. Bunduki haina risasi, mtutu umeelekea pahala salama. Kama tangi tupu kabisa ikoki kwanza, maana nyundo ikiwa imeilalia valvu upepo unaingia na kutoka. Unaingiza kichwa cha mpira, unakaza skrubu ya kutolea upepo, alafu unafungua valvu ya mtungi kidogo, yaani kidogo kweli, vidole viwili tu, utasikia ssss na sindano inaanza kutambaa. Hapo usiwe na haraka, ukijaza mbio tangi linapata moto, sindano itakuonesha 200 ufurahi, ikipoa unakuta 185. Ikifika unapotaka, funga mtungi kwanza, alafu legeza ile skrubu ya mpira, itatoa pshh kwa nguvu, ikishanyamaza ndo unachomoa. Kuchomoa kabla ya ile pshh ni kujitafutia mpira wa usoni, na uso wako usiwe juu ya mtutu wala mbele ya geji wakati wote huo.

Hatua ya 5: kaliba na nguvu

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, ziko milimita 4.5, 5.5, 6.35 na kubwa zaidi. Kwa ya kwanza chukua 5.5, basi. Ya 4.5 ni nzuri sana kwa karatasi, risasi zake za bei rahisi, lakini upepo wa kusi ukivuma inapeperushwa na kidude kinatoka mkononi kwa udogo. Ya 6.35 inakula upepo, kila pigo unamwona sindano anashuka. Ya 5.5 risasi yake ina gramu 1 mpaka 1.2, inashikika, na ukitaka nguvu kidogo au nyingi zote inabeba.

Nguvu inapimwa kwa jouli. Uingereza bunduki ya upepo isiyo na leseni mwisho wake kama jouli 16, na kwa hizo Waingereza wanapiga mashindano mpaka mita 50, kwahiyo usidharau. Risasi ya gramu 1.175 kwa mita 165 kwa sekunde ndo hizo 16, ikienda mita 270 zinakuwa 43 hivi. Mtu akikuuzia kwa kusifia mbio, eti inapita mwendo wa sauti, mkimbie. Risasi hizi za kiuno chembamba zikikaribia mwendo wa sauti, mita 340 na kitu, zinayumba, na pia zinatoa mlio mkali mtaa mzima ukusikie. Hata ya nguvu, mita 240 mpaka 280 ni pazuri. Na kila jouli ni upepo, ya 16 itakupa mapigo mara mbili au zaidi ya ile ya 40 kwa tangi lile lile, kwahiyo mwenye pampu ya mkono asijifanye shujaa.

Hatua ya 6: bunduki yenyewe

Sasa ndo fungua yale mapicha. Kitu cha kwanza natafuta ni regyuleta, kile kidude cha ndani kinachoshusha presha ya tangi na kuifanya moja kila pigo. Bila yake risasi za mwanzo na za mwisho hazipigi pamoja, lazima ujue katikati pako ni bar ngapi mpaka ngapi. Si lazima, bunduki nyingi nzuri za zamani hazina, lakini kwa anaeanza inapunguza maswali. Geji isomeke, skrubu ya kutolea upepo iwepo, na sehemu ya kujazia iwe ya aina inayopatikana, ile ya kubana chap inayotumika na wengi, si ya ajabu ajabu ikipotea umekwisha.

Kwa majina, za Kituruki Hatsan na Kral zina nguvu na uzito, za Kichina za Snow Peak zinazouzwa kwa jina la Artemis ni nyepesi na za pesa ndogo, oringi zake zinaingiliana na za madukani. Ukiwa na uwezo Weihrauch HW100 ya Ujerumani inajazwa bar 200 na ina regyuleta, na Air Arms S510 ya Uingereza nayo haiko mbali na hapo, hizo mbili zimekaa sawa sawa na mtungi wa wazamiaji kama zimetengenezwa Nungwi. FX za Sweden nzuri lakini usianzie huko.

Kitako cha plastiki kwa hewa yetu ya chumvi kina faida, mti unataka kutunzwa. Chuma ndo kilio. Anaekaa pwani apanguse mtutu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila akishaugusa, jasho la mkono na chumvi ya bahari usiku mmoja tu unaona madoa ya rangi ya chungwa karibu na triga. Usiifungie kwenye begi lake la sponji muda mrefu, sponji linashika maji.

Na usiiache imejaa ndani ya gari juani. Tangi lililojazwa bar 200 kwa joto la nyuzi 27, gari ikifika 60 linakuwa 222, wewe hujaongeza kitu.

Hatua ya 7: darubini na risasi

Haya ya haraka. Darubini iwe inayorekebika kuona mita 10, za bunduki kubwa zinaanza mbali na kwa karibu utaona ukungu. Zaidi ya mara 12 huhitaji. Risasi nunua makopo ya aina tatu nne, JSB za Czech na H&N za Ujerumani mahala pazuri pa kuanzia, kila mtutu una yake unaoipenda na hakuna njia ya kujua ila kupiga. Hizi zimetengenezwa kwa madini ya risasi, yaani ledi, osha mikono kabla ya kula na watoto wasizichezee.

Hatua ya 8: pa kupigia

Mitaa ya Ng'ambo hapana, Mji Mkongwe ndo kabisa. Unahitaji shamba lenye kizuizi nyuma ya shabaha, gunia la mchanga au tuta la udongo. Jiwe la matumbawe linairudisha risasi, bati linairudisha, tairi linairudisha. Ikikosa shabaha inaweza kwenda mita 300 na zaidi. Na kunguru alokaa juu ya mnazi muache hapo hapo, kwa sababu juu ya mnazi wa pili huenda kuna mkwezi hujamuona ndani ya makuti, na upande wa pili kuna mabati ya nyumba ya mtu na watoto wanatoka chuoni.

Hatua ya 9: ya mkononi

Ukinunua iliyotumika, usinunue siku ile ile. Omba ijazwe jioni mpaka presha yake ya kawaida, isubiriwe ipoe nusu saa, upige picha geji, ilale kwa mwenyewe. Asubuhi mapema itapungua bar chache kwa ubaridi, hilo si kitu, kwahiyo angalia tena jioni wakati ule ule. Ikisimama pale pale, lipa. Ikishuka bar 20 kuna oringi imekufa, na hapo muuzaji achague, aitengeneze yeye au apunguze bei, na ikishuka huku mtutuni unasikia upepo unapumua basi ni valvu, na uwezekano mkubwa ni kutu ya yale maji niliyoyasema, hio mwachie mwenyewe.